Siku Arobaini na Tano

Kijana wa benki ananipangia kadi tatu mezani
kama mcheza karata asiyejali nani atashinda.
Baridi ya Julai imeingia Lubumbashi mpaka kwenye vigae.
Sijavua kitenge cha mabegani.

Ya kwanza inang'aa dhahabu.
"Kila dola moja, pointi moja, Mama Musau.
Zikifika elfu thelathini, unapanda ndege."
Ndege ya kwenda wapi, mwanangu?
Unga wangu unatoka Kasumbalesa,
na hakuna rubani anayetua katikati ya foleni ya malori.

Ya pili, ya kijani, inarudisha dola moja katika kila mia.
Nikatoa daftari la binti yangu Kalumba
nikagawanya pale pale, mbele ya tai yake:
ada ya mwaka, themanini.
Basi elfu nane za kwanza nanunua
ili nirudishiwe nilichokilipa ili nirudishiwe.
Mgeni gani huyu, anayekula kwangu mwaka mzima
halafu ananiletea mkungu wa ndizi nilizolima mwenyewe?
Nilicheka. Yeye akarekebisha tai.

Ya tatu ni ya kijivu, rangi ya bati kuukuu.
Haina pointi. Haina ndege.
Ina siku arobaini na tano bila riba,
ukinunua kesho yake ya kufungwa hesabu.
Ukinunua mkesha wake, ni kumi na tano tu.
Hilo hakulitamka. Nimelisoma mwenyewe chini kabisa,
kwa miwani ya marehemu, iliyofungwa uzi mguu mmoja.

Siku hizo nazijua moja moja.
Lori kuganda mpakani: kumi na moja.
Kuuza, meka kwa meka, mtaani Kenya,
wateja wakingoja mishahara nami nikiwangoja wao: ishirini na moja.
Kubembeleza madeni: nne.
(Mama Kabwiz husema "kesho",
na kesho yake ina miguu mifupi.)
Zinabaki tisa.
Hizo tisa ndizo usingizi wangu.

Likelemba yetu haina riba, ina zamu.
Zamu yangu Novemba; unga ni rahisi sasa.
Na Lamberi, ndivyo tunavyomwita kila mkopeshaji wa uchochoroni,
hata akibatizwa jina gani,
kwake mia huondoka peke yake
na kurudi mwisho wa mwezi imebeba hamsini mgongoni.
Mwaka juzi alibeba friji yangu.
Soda zilikuwa ndani, bado za baridi.
Nilizisikia zikigongana mpaka kona ya barabara.

"Lakini mama, wauzaji wako wanapokea kadi?"
Hapo aliuliza swali la mtu mzima.
Mwansa hapokei. Ana sanduku la chuma na kufuli mbili,
na kila noti huiinua juani.
Ikichanika kama ukucha wa mtoto mchanga, anakurudishia.
Ninayo mia moja iliyokataliwa na watu saba.
Naihifadhi ndani ya Biblia, kitabu cha Hesabu,
namsubiri wa nane.

Kwa hiyo noti zangu nzima zitakwenda kwa Mwansa
na kijivu kitalipa lori, dizeli, ghala la forodha,
wale wenye mashine na risiti.
Si utajiri. Ni kuzuia mkono mmoja usimnyonge mwenzake.

"Hutaki zawadi kabisa?" akaniuliza, kama aliyeonewa yeye.
Nikamwonyesha kalenda ya ukutani kwake,
siku ya arobaini na nne.
Siku hiyo nitakuja hapa, nitalipa yote,
nitaondoka kwa mguu, polepole,
nikinunua karanga njiani.

Mwisho akanisogezea kimashine kidogo:
namba nne za siri, mama,
chagua kitu usichoweza kusahau.
Akageuza uso dirishani, kwa adabu.

Nikaandika tarehe ile
friji ilipotoka mlangoni.