Visiki Viwili

Nililikata kwa msumeno Jumanne mchana,
bibi kalazwa hospitali,
majirani wamelala kwa joto.
Tao la chuma lililobeba mtambuu wake
ubavuni mwa ukuta, kichochoro chetu cha Kibokoni,
nililiuza kwa mtu wa vyuma chakavu, Mwembe Tayari:
shilingi elfu moja, mia na arubaini.
Hakuuliza. Nami sikueleza.

Vilibaki visiki viwili
vimechomoza kwenye saruji kama meno ya mtoto,
na mtambuu umelala chini, haujui pa kupanda.

Alirudi Ijumaa. Hakupiga kelele.
Alisimama baina ya visiki, akatazama juu.
"Hapa palikuwa na kitu," akasema. Basi.

Mwalimu Mwanahalima hutufunza hisabati jioni
katika chumba kilicho juu ya duka la viatu.
Siku ile alichora mkunjo ubaoni,
ukapanda, ukashuka, ukakata mhimili mara mbili.
"Hizi ndizo sifuri zake," akasema.
"Wala sifuri si utupu, nisikilizeni:
ni pale kitu kilipogusa chini."

Nikaacha kuandika.

Niliazima futikamba ya fundi Chengo.
Pa kuanzia nilichagua mfuniko wa mtaro,
hapo ndipo eksi haina kitu mkononi.
Kisiki kimoja futi mbili nyuma: hasi mbili.
Cha pili futi sita mbele.
Nikaandika nilivyofunzwa. Hasi mbili
ikiingia mabanoni huwa eksi jumlisha mbili,
na sita huwa eksi toa sita;
kila mzizi huingia na alama iliyogeuka,
kama mtoto mwenye kosa
aingiaye nyumbani kinyumenyume.
Nikazidisha: eksi mraba, toa eksi nne, toa kumi na mbili.
Nikampelekea mwalimu mbio, nikidhani nimemaliza.

"Umepata visiki," akasema. "Hujapata tao.
Ni matao mangapi yawezayo kusimama kwa miguu hii?
La chini kama mgongo wa kijiko.
La juu hadi dirisha la ghorofa.
Na hili lako, litazame vizuri,
lazama ardhini kama kaburi.
Nje ya mabano pana kizigeu, nacho hukijui.
Niletee nukta ya tatu."

Nukta ya tatu ilikuwa ukutani:
doa la kutu, pale tao lilipoegemea miaka na miaka.
Kila mwaka kabla ya Ramadhani bibi hupaka chokaa,
na kila mwaka kutu huchomoza tena.
Juu ya mfuniko, wima, futi sita.
Eksi ikiwa sifuri, wai ni sita;
na sita ni kizigeu mara hasi kumi na mbili.
Kwa hiyo kizigeu ni hasi nusu.

Hasi! Tao likageuka kwenye karatasi yangu,
likatoka kaburini, likapanda
hadi futi nane, katikati kabisa ya visiki,
kisha likashuka taratibu.

Fundi Chengo aliusoma mlinganyo kama risiti ya deni.
"Nusu ya eksi mraba ni bomba la inchi ngapi?"
Nikamchorea nukta tisa sakafuni kwa chaki,
moja kwa kila futi,
akakunja chuma nukta kwa nukta, akitukana kidogo.
Nilimlipa kwa kufagia karakana wiki saba.

Bibi alikuja na bakora yake, akapapasa ukuta.
Chuma kilikuwa kimelalia kutu
kama kifuniko na chungu chake.
Akauinua mtambuu, akaufunga kwa kipande cha leso kuukuu.
"Ndilo," akasema.
Kisha, bila kugeuka:
"Na ile elfu moja, mia na arubaini?"

Sikuwahi kumtajia bei.