Sarafu ya Lifti

Lifti ya jengo letu, hapa Kutaisi, hula sarafu.
Tetri ishirini kupanda. Kushuka, bure.
Miaka mingi sikuilisha kitu:
orofa ya saba, ngazi mia na mbili,
viazi mkono huu, funguo mdomoni,
na nikifika juu ninayo bado pumzi ya kumgombeza Tengizi.

Mwaka juzi nikaanza kuweka akiba ya vijisarafu
katika kikombe kilichovunjika sikio.
Nikasema ni magoti.
Uongo huo niliuoka mwenyewe, nikaula ungali moto.

Kwanza ilikuwa pua tu.
Nachekecha unga alfajiri, napiga chafya,
unga unaruka, napiga nyingine,
wateja dirishani wananitakia afya, nacheka.
Nani amewahi kuushitaki unga?
Unga ulinisomeshea watoto wawili.

Kisha kikohozi, saa tisa usiku,
kinafika kwa wakati kama karani mpya.
Nakaa ukingoni mwa kitanda, viganja magotini,
kifuani mna birika linalokaribia kuchemka
na halichemki.
Tengizi anageuka usingizini: "Zima hiyo redio."

Mkamba, alisema daktari wa kwanza, akaandika dawa ya maji.
Umri, alisema wa pili, akitazama kiuno changu.
Jirani Lamara akaleta figili nyeusi na asali.
Mama mkwe akasema kijicho.
Mimi nikausingizia mto Rioni, unyevu wake.
Kila mtu alikuwa na jibu; mimi nilikuwa na kifua.

Agosti tulikwenda Ureki, kwenye mchanga mweusi,
siku kumi na mbili. Nililala kama gunia.
Niliogelea. Niligombana na Tengizi kwa sentensi ndefu
zisizo na kituo wala mkato.
Siku ya tatu baada ya kurudi tanurini,
birika likarudi mekoni.

Daktari Mzevinari hakuanza na kifua.
Aliuliza: "Na ulipokuwa likizo?"
Miaka miwili, na hakuna aliyekuwa ameniuliza
ni lini ninakuwa mzima.

Puliza, akasema, mrija u mdomoni,
puliza, puliza, toa yote, toa na deni la mwaka jana!
Mashine ikachora kilima kifupi.
Nikavuta dawa, nikangoja robo saa
nikisoma bango la kunawa mikono, mara nne.
Nikapuliza tena. Kilima kikaumuka.
Alikitazama kama mimi ninavyotazama mkate:
bila kukisia.

Hata hivyo akataka ushahidi zaidi.
Wiki nne, kipima pumzi cha plastiki,
daftari, kalamu iliyofungwa kwa uzi.
Jumatatu, mia tatu na arobaini.
Alhamisi, mia mbili na tisini.
Ijumaa sikutaka kuiandika.
Jumapili, duka limefungwa: mia nne.
Kwa wengine maji huzidi unga.
Kwangu unga ulizidi pumzi.

Pumu.
"Pumu ni ya watoto," nikamwambia. "Nina miaka arobaini na saba."
"Haikuomba cheti chako cha kuzaliwa."

Nililia koridoni, kidogo,
na si yote yalikuwa huzuni.
Kitu chenye jina unaweza kukigombeza.

Sasa mpwa wangu Bachana ndiye anayechekecha, madirisha wazi.
Mimi nauza, barakoa usoni, bei naonyesha kwa vidole.
Asubuhi na jioni navuta dawa, kisha nasukutua
kama alivyonifundisha.
Anasema barakoa haitoshi,
kwamba iko siku nitachagua.
Namsikia. Sijamjibu.

Jana palikuwa na foleni kwenye lifti.
Nikapanda kwa miguu,
nikapumzika orofa ya nne, nikapumzika ya sita,
sarafu i mkononi, imeshika joto.