Kuishusha Transfoma ya Barabara ya Kumi na Tatu

Tumezima saa mbili kamili.
Tangazo lilipita jana, kipaza sauti juu ya bajaji,
na bado Bi Mwanakweli wa barafu ananiuliza, "Mpaka saa ngapi?"
kwa sauti ile watu wanayomwulizia daktari.

Nimepanda mwenyewe. Mkanda, glavu, fimbo,
waya wa ardhi kwanza, ndipo mkono.
Hivyo alinifundisha Shekalaghe kule Hale,
aliyebakiwa na vidole saba:
umeme hauna undugu, mwanangu,
una njia tu.

Na wewe hapa, miaka arobaini na moja juu ya nguzo mbili,
ukiupokea ukali wa volti elfu kumi na moja
na kuutoa mpole, wa kuchemshia uji.
Mkalimani hashukuriwi. Ngamiani ilikusikia usiku tu,
ule mguno wako, mmm, mmm,
kama mtu anayekubali jambo asilolielewa.

Mimi nakujua. Nilikuwa na miaka tisa
walipokunyonya mafuta.
Vijana watatu, ndoo mbili, bomba la kumwagilia.
Asubuhi yakauzwa kichochoroni kwa bei ya chee:
meupe, hayana harufu, hayaishi upesi karaini.
Mama alinunua lita nne.
Hakuuliza. Nalisema hili nikiwa juu huku
kwa kuwa hayupo wa kulisikia:
hakuuliza.
Mtaa ulikula mihogo ile kwa chachandu,
nami nilikula, nikalamba vidole.
Siku ya tatu ukapiga mshindo mmoja, ukafuka moshi,
tukalala gizani wiki tano.
Mama alikaanga kwa mwanga wa kibatari
akiwalaani wezi.

Walikusuka koili upya, ukarudi na kiraka ubavuni.
Leo nimekinga mafuta yako kwenye chupa ndogo,
maana ya zamani mengine yana sumu isiyooza,
hukaa ndani ya mtu kama mpangaji asiyelipa.
Maabara itajibu kwa barua.
Mama aliondoka na ini.
Sisemi ndiyo hayo. Sijui.
Nimeandika namba kwenye chupa, nimekaza kifuniko.

Mpya iko kwenye lori, ina vumbi la bandarini.
Mhando akanisomea kibati: mafuta yake
yamekamuliwa kwenye soya.
Nikacheka mpaka akadhani nimepigwa shoti.
Sasa ndiyo yanalika!
Na sasa ndiyo yamefungwa kwa kufuli.

Usidhani tunakutupa kwa uzee.
Ni mapaa. Tazama: madrasa ina sola, kwa fundi cherehani sola,
hata kibanda cha mchonga funguo.
Kiangazi maji ya Pangani yakipungua
haya mapaa ndiyo yanayotusitiri.
Lakini Jumapili mchana, jua la utosi, mashine zimelala,
umeme hugeuza njia, hukupandia kutoka chini,
volti zikavimba, na wewe huna la kufanya.
Friji ya Bi Mwanakweli iliungua hivyo, mara mbili.
Ulizaliwa kuteremsha. Hakuna aliyekwambia
kuwa siku moja mtaa nao utakuwa na cha kutoa.
Hii hupima yenyewe, hupanda ngazi, hushuka ngazi,
wala haizimi mtu.

Winchi imekubeba taratibu. Chini yako
palikuwa na kiota cha kunguru, misumari, kandambili ya mtoto.
Sijui kandambili ilifikaje.

Saa kumi na dakika ishirini tumewasha.
Vigelegele vichache, redio tatu kwa pamoja.
Nimeweka sikio kwenye nguzo: haiguni.
Kimya hiki sijakizoea.
Bi Mwanakweli ametuma mtoto: barafu nusu zimeyeyuka,
zilizobaki njooni mle, nisizitupe.

Simu imetetemeka mfukoni. Ni yenyewe, ujumbe wa kwanza:
joto la mafuta, digrii thelathini na nane. Kawaida.
Nimeusoma mara mbili,
nikapatazama pale pembeni
karai lilipokuwa likikaa.