Mguu Niponye

Daktari alinichora shavuni kwa wino wa zambarau
kama mimi nichoravyo kofia kabla ya kutia sindano.
"Taya la juu, kushoto lote, na kaakaa lake."
Saratani haibakishi jino la kumbukumbu.

Miezi mitano nikawa na shimo.
Chai ilipanda puani, herufi zikapanda nayo:
nikimwita mjukuu wangu Badi, jina lilitoka Mani.
Alicheka, akazoea, akaitika;
mwisho Langoni nzima ikamwita Mani.

Kisha wakaja na msumeno mguuni.
Mfupa ule mwembamba wa pembeni
wakaukata vipande vitatu, wakauunga kwa skrubu,
wakaulaza usoni pamoja na mshipa wake, usife njaa.

Watu husema mguu niponye wakitimka.
Wangu umeniponya nimelala chali.

Sasa nachechemea kichochoroni. Esha
hunimegea mkate wa mofa uliorowekwa mchuzini:
"Unatafunia mguu gani leo?"
"Wa kushoto." Tunacheka; shavu lenyewe bado halina habari.

Jana nilimwita Badi. Badi kamili, yenye be na dali yake.
Hakugeuka.

Nikaita Mani.
Akaja mbio, ndara mkononi.