Maoni ya Mkufunzi, Upande wa Nyuma

Likwata,
fomu imenipa mistari minne
na kalamu yangu haina adabu ya kukaa humo.
Nimegeuza karatasi.

Andalio lako ni zuri. Nalisema mapema
usije ukadhani nimekuja na kiboko.
Mwandiko umenyooka, malengo yanapimika:
"Ifikapo mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi
aweze kurusha, kudaka na kukwepa."
Kila.
Neno hilo nimelizungushia wino mwekundu.

Filimbi umeipuliza kama mtu aliyeinunua jana.
Najua umeinunua jana, sokoni Kitangari;
muuzaji ni shemeji yangu.
Mara kumi na tisa, nimehesabu.
Baada ya ya tano watoto waliisikia
kama wanavyomsikia jogoo wa jirani.

"Mizunguko mitatu, kupasha mwili!"
Saa tano na nusu, jua la Oktoba,
mikorosho imekunja vivuli vyake miguuni.
Darasa la Tano B, themanini na wawili,
nusu yao miili ilipashwa tangu alfajiri
wakishuka bondeni na madumu matupu,
wakipanda nayo yamejaa.
Huku juu Newala maji hayaji, yanafuatwa,
na kitabu chetu cha chuo hakina ukurasa wa dumu.
Uliza kwanza nani ametoka kisimani.
Uliza nani amekula.
Kiungo cha kwanza kwenye somo la viungo
ni tumbo.

Zana: umeandika mipira ishirini, koni kumi na mbili.
Koni nimeziona, makopo ya rangi;
hapo nimekupa alama mbili na nimecheka peke yangu.
Mipira kumi na tisa sijaiona.
Ule mmoja ulizunguka kwa wavulana sita, wale wale,
na watoto sabini na sita
wakafundishwa kutazama.

Sasa lile la karibu na choo.

Ulikuwa umewapa mgongo, hukuwaona wakianza.
Somoe, yule wa kilemba cheupe kilicholegea,
alitoa mpira wa soksi kwenye mfuko wa madaftari.
Wawili wakasimama pembeni, mmoja akaingia kati,
chupa ya kujaza mchanga ikawekwa.
Rede.
Nikalisoma andalio lako tena, taratibu:
kurusha,
kudaka,
kukwepa.
Nikainua kichwa ili nione utafanyaje,
ukapuliza ya kumi na tisa:
"Nyie! Acheni michezo, tupo kwenye Michezo!"

Nilijiuma ulimi.
Nami mwaka wangu wa kwanza kule Liwale
niliwanyamazisha hivyo hivyo,
sijui wangapi. Hakuna fomu iliyowahesabu.

Lakini Somoe hakukimbia. Alikutazama tu,
mpira mkononi, kama anayengoja zamu yako.
Nawe ukafanya jambo lisilokuwamo kwenye andalio:
ulinyamaza.
Ukauliza, "Unachezwaje?"
"Kwani mwalimu hujui?"
"Sijui. Dada zangu walinifukuza."

Basi mifuko ikafunguka.
Soksi, mifuko ya nailoni, pindo la shuka,
kamba ya katani. Nimehesabu tena:
mipira kumi na minne.
Ilikuwa imeketi darasani tangu asubuhi
ikisikiliza hesabu.

Ukaingia kati na tai yako ya kuazima.
Ukakwepa mara mbili. Ya tatu ikakupata sikioni.
"Umekufa, mwalimu!"
Ukatoka. Hukubisha, hukugusa filimbi.
Ulikaa vumbini nje ya mstari pamoja na waliokufa,
na uwanja mzima ulikuwa unakwenda,
isipokuwa mimi na kiti changu.

Kwa hilo sikuona kisanduku cha kujaza.

Nimekupa sitini na tatu.
Usinifuate ofisini kuomba sabini,
mizunguko ile mitatu bado naikumbuka.

Kesho ni Tano A.
Njoo na dumu la maji na kikombe.
Filimbi mrudishie shemeji.