Orodha ya Nauli

Mimi ndiye niliyechapa programu.
Wengine wote niliwapa majina na vyeo vyao,
Profesa, Daktari, Mheshimiwa, Padri,
vyeo virefu hadi mstari ukavunjika.
Saa nne na robo niliandika: Ushuhuda, mama Mbuti.
Sikuwa na jina lake. Sikuuliza pia.

Alifika saa mbili asubuhi kutoka upande wa Miti,
viatu mkononi, matope ya Mudaka hadi magotini,
akakalishwa kiti cha mwisho, karibu na mlango,
chini ya kitambaa chenye herufi kubwa:
JAMII ZILIZOSUKUMWA PEMBEZONI.
Ntakwinja alicheka. Nilimkanyaga mguu.

Kuhusu rangi walisema mengi, na walisema vizuri:
Mbelgiji na rula yake, akipima pua za babu zetu,
akiandika huyu mrefu, huyu mfupi, huyu wa kutawala.
Ukumbi uliguna. Sote tulikuwa wapimwa.
Hakuna aliyeuliza rula ile ilibaki kwa nani.
Nyumbani kwetu Kadutu kikombe cha Mbuti
kilikaa peke yake, nje, juu ya dirisha.
Nakikumbuka: cha bati, ubavu umebonyea.

Zamu yake ilipofika ilikuwa saa sita na nusu.
"Mama, dakika tano," mwendesha mjadala alisema,
"na ukiweza, utuimbie kidogo."
Umeme ukakatika. Picha za ukutani zikazimika,
mikrofoni ikawa kipande cha chuma.

Hakuimba.
Aliweka kiganja juu ya meza ya wakubwa,
akaipapasa kama anayetafuta homa kwenye paji la mtoto,
akautaja mti, kwa jina ambalo sijui kuliandika.
"Huu tulichemsha gome lake kwa vifua vya watoto.
Tulifukuzwa ili usikatwe."
Kisha akageukia viti, akaanza kuvihesabu kwa kidole,
kwa sauti, bila haraka,
kimoja, kingine, kingine tena,
nasi tumevikalia,
mpaka dakika tano zikaisha.

Baada ya Fanta na mikate nilikaa na orodha ya nauli.
Maprofesa dola hamsini. Yeye franka elfu kumi.
Nilifungua sifongo ya wino, nikamshika kidole gumba
kabla hajasema neno.
Alikiondoa taratibu, kama anayechomoa mwiba,
akachukua kalamu yangu, akainama,
akaandika huku amekaza midomo, herufi moja moja,
M'Lushombo Mapendano,
na herufi ya mwisho ikavuka mstari
ikaingia kwenye nafasi ya mkuu wa kitivo.

"Mwaka kesho mtaniita tena?"
Nikasema ndiyo, ile ndiyo ya mtu asiye na uamuzi.
Alikunja pesa, akazifunga kwenye pindo la kitenge,
akaokota viatu.

"Na meza," akauliza, "itakuwa hii hii?"