Ukungu wa Kioo

Agosti, Hamriya. Kiyoyozi kinakohoa,
na kwa nje kioo kimevaa ukungu
kama mfuniko wa sufuria ya wali.
Nimekaa chini, kanga kifuani,
nakata kucha za miguu juu ya gazeti.
Saa nne usiku. Mlango una makomeo mawili.

Nikasikia kitambaa kwenye kioo. Hapana,
kiganja. Kinafuta, polepole,
kama mwalimu anayefuta ubao apate kuandika.
Ukatokea mwezi mweusi, na ndani ya mwezi
tochi, kisha jicho, kisha beji.

Sikupiga kelele.
Bega sikulifunika. Nilifunika kucha,
kana kwamba ndizo walizozifuata.

Walikuwa wawili. Hawakugonga.
Walizunguka nyumba dirisha kwa dirisha,
hata kile chumba nisichokifungua tangu Shaabani:
niliuona mwanga ukipita chini ya mlango wake
nikadhani marehemu amerudi kutafuta miwani.

Wazee walisema nyumba njema si mlango.
Dirisha hawakulitaja.
Sisi tuliofunzwa hodi kabla ya kufunzwa kuhesabu,
hodi mara tatu, usipojibiwa urudi ulikotoka,
hatukufunzwa la kumjibu
mtu asiyebisha.

Asubuhi nikaenda kituoni.
Kijana wa Rustaq, ndevu zimechongwa kwa uzi,
akanimiminia kahawa, akanisogezea tende.
"Khalati, hatukuingia. Tuliangalia tu.
Kuna mfanyakazi ametoroka nyumba ya tatu."
Nikamwambia: mwanangu, jicho nalo lina miguu.
Lenu limeingia na viatu.
Akatabasamu, akaandika, sijui aliandika nini.
"Ushahidi, khalati?"
Alama ya kiganja, nikasema, na ya paji la uso,
kwenye kioo cha sebuleni.
Akatazama nje, kisha akanitazama kwa huruma.
"Jua limeshatoka."

Kweli. Nilikikuta kioo kikavu, kitakatifu,
kimekana kila kitu.
Nikachukua tambara hata hivyo,
nikafuta dirisha kwa dirisha, nyayo zao nyuma yangu,
sebule, ukumbi, jiko,
mpaka mlango wa Mbeyu.

Mlango wa kioo. Pazia sikumtia.
Siku ya kwanza, sanduku lake bado lina vumbi la Kinango,
nilimwambia: hapa sote wanawake.

Hapo alama ilikuwepo.
Paji la uso, mafuta ya habasoda,
kimo changu.
Wala si moja. Moja juu ya nyingine,
ya kuona kama amelala,
ya kuona kama ameshika simu,
ya kuona tu, bila sababu,
kama mtu apitaye na kufungua friji.
Miaka miwili. Mafuta hayakauki kwa jua.

Alikuwa ndani, mgongo kanigeuzia,
anabadili nguo nyuma ya mlango wa kabati
alioufungua mpaka mwisho, ukawa ukuta.
Mara ngapi nimemwona akifanya vile!
Nilidhani ndivyo wafanyavyo kwao.

Tambara likanianguka.
Nikagonga kwa kidole kimoja.
"Hodi," nikasema. Nyumbani kwangu.
Kabati likatulia.
Hodi.
Nikasikia pumzi yake ikishikwa, kama yangu ya jana.
Hodi, Mbeyu.

Hakujibu.
Nikarudi nilikotoka.

Alasiri nilikuwa Ruwi, duka la vitambaa.
Muuzaji akalitandika zito, la kijani,
akaushika mkasi.
"Mita ngapi, mama?"
Nikafungua mikono, nikaifunga, nikaifungua tena.
Kioo kile nimekitazama miaka miwili,
na upana wake siujui.